Bunduki Moja kwa Watu Wawili: Stalingrad ya Filamu na Stalingrad ya Hati

Anayeamini kwamba askari wa Kisovieti alipelekwa vitani mikono mitupu, mara nyingi hakulisoma jambo hilo popote, aliliona. Aliliona katika dakika za mwanzo za Enemy at the Gates, filamu ya mwaka 2001 iliyoongozwa na Jean-Jacques Annaud. Askari wamefungiwa ndani ya mabehewa kama mizigo. Wanashushwa ukingoni mwa Volga mchana kweupe, wanasukumwa kwenye vivuko, ndege za Wajerumani zinawashukia, na wanaojitosa majini wanapigwa risasi na maofisa wao wenyewe. Wakifika ng'ambo, huyu anapewa bunduki, anayefuata klipu ya risasi tano, huyu bunduki, anayefuata klipu. Mwenye bunduki akianguka, wa nyuma yake aiokote. Halafu wanakimbizwa uwanjani kuzikabili rashasha za adui, wanafyekwa, waliosalia wanageuka, na hapo rashasha za jeshi lao wenyewe, zilizowekwa nyuma yao, zinawamaliza.

Tukio hilo limetungwa. Ila ndani yake mna vipande vya kweli, kila kimoja kimeng'olewa mahali pake na wakati wake, vikashonwa pamoja vikawa kitu ambacho hakikutokea. Ndiyo maana linaaminika, na ndiyo maana kulikanusha kwa neno moja hakusaidii. Inabidi lifumuliwe mshono kwa mshono.

Bunduki

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Septemba 1942 Divisheni ya 13 ya Gadi (jina la heshima la vikosi bora vya Kisovieti) ilianza kuvuka Volga kuingia Stalingrad. Wajerumani walikuwa wameshafika katikati ya mji na walikuwa wakikaribia gati. Kabla ya kuvuka, kamanda wa divisheni hiyo, Meja Jenerali Aleksandr Rodimtsev, alimwendea Jenerali Vasily Chuikov, kamanda wa Jeshi la 62 lililokuwa likiushikilia mji, akampa hesabu yake: watu anao, karibu 10,000, lakini zaidi ya 1,000 kati yao hawana bunduki.

Mbegu ya tukio la filamu ni hii. Sasa tazama kilichofuata. Baraza la kijeshi la Fronti (kwa Wasovieti, Fronti ni kundi la majeshi kadhaa chini ya kamanda mmoja) lilimwagiza naibu kamanda, Filipp Golikov, ahakikishe silaha zinazopungua zimefika kabla ya jioni ya tarehe 14. Chuikov naye akawaamuru watu wake wa ugavi waliokuwa ukingo wa mashariki wakusanye bunduki kutoka vikosi vya nyuma, wawakabidhi askari wa Rodimtsev. Upungufu ulikuwapo, ulitajwa kwa idadi, na ukahangaikiwa siku hiyohiyo. Filamu imeuchukua upungufu huo ikaugeuza kuwa mbinu ya vita, kana kwamba kuna kamanda aliyekaa chini akapanga kwamba nusu ya watu wake waende na klipu mfukoni.

Hata kwa kamanda asiye na huruma hata kidogo, mpango huo hauna maana. Mosin, bunduki ya kawaida ya askari wa miguu wa Kisovieti, inabeba risasi tano tu. Mtu mwenye klipu bila bunduki hawezi kumlazimisha adui ainamishe kichwa. Ni shabaha tu. Na kilichoiwezesha seksheni kusogea ni rashasha nyepesi ya Degtyaryov, yenye sahani ya risasi 47 juu yake: hiyo inafyatua, wengine wanakimbia, kisha wanabadilishana. Katika uwanja ule wa filamu hakuna rashasha hata moja inayosogea pamoja na washambuliaji, hakuna kombora wala mzinga unaowafunika. Rashasha zote za Wasovieti zimewekwa nyuma, zinawaangalia wao.

Habari ya kungoja bunduki ya marehemu ina asili ya kweli, lakini ni ya vita vingine, Vita vya Kwanza vya Dunia. Ni jeshi la Tsar Nikolai II, mwaka 1915, wakati wa kurudi nyuma kutoka Poland, ambapo askari wa akiba walipelekwa mstari wa mbele bila silaha na kusubiri za wenzao walioanguka. Mwaka 1941 balaa lilirudi kwa sura nyingine: Wasovieti walipoteza mamilioni ya bunduki katika miezi michache ya kuzingirwa, na wanamgambo wa Moscow na Leningrad, waliokusanywa mwezi Julai kutoka viwandani na vyuoni, baadhi yao walipewa bunduki kuukuu za Kifaransa na Kipolandi ambazo risasi zake zilikuwa taabu kuzipata. Kufikia 1942 viwanda vilivyohamishiwa mashariki vilikuwa vinatoa silaha usiku na mchana: bunduki zaidi ya milioni 3 kwa mwaka huo, na bastola-rashasha za PPSh karibu milioni 1.5. Kasoro zilibaki katika usafirishaji, kama kwa Rodimtsev. Mtunzi wa filamu ameichukua 1915, akaivika sare za 1942.

Mto

Hapa sitakaa sana. Vikosi vikubwa vilivushwa usiku, kwa sababu mchana ndege na mizinga ya Wajerumani vilikuwa vinauona mto wote. Divisheni ya 13 ilianza kuvuka giza likiwa limeingia, huku moto uliokuwa ukiwaka ukingoni ukiwaangazia. Chuikov alitaka silaha nzito zibaki ukingo wa mashariki, wavuke na silaha nyepesi tu, kwa sababu mizinga mikubwa ingeweza kufyatua kutoka ng'ambo na ndani ya mji isingekuwa na pa kusimama. Mizinga hiyo ya ng'ambo ndiyo iliyouokoa mji mara kadhaa, na katika filamu huisikii.

Rashasha za nyuma

Hiki ndicho kipande kizito, na mtu anayewapenda wale askari hapaswi kukipunguza uzito. Tarehe 28 Julai 1942 Stalin alitia saini Amri Namba 227, maarufu kwa maneno yake "Hakuna kurudi nyuma hata hatua moja". Haikuchapishwa magazetini, ilisomwa mbele ya askari. Iliagiza kila Fronti iunde batalioni za adhabu 1 hadi 3, kila moja ya watu 800, kwa ajili ya makamanda waliokosa. Kila jeshi liunde kombania za adhabu 5 hadi 10, zenye watu 150 hadi 200, kwa ajili ya askari wa kawaida na makamanda wadogo. Na kila jeshi liunde vikosi vya kuzuia 3 hadi 5, vyenye watu wasiozidi 200, viwekwe nyuma ya divisheni zisizoaminika. Vikosi hivyo viliruhusiwa waziwazi kuwapiga risasi papo hapo waoga na wazusha hofu.

Sasa piga hesabu. Vikosi vitano vya watu 200 ni watu 1,000, kwa jeshi zima lenye makumi ya maelfu ya askari waliotapakaa katika kilometa nyingi. Watu hao hawawezi kujipanga nyuma ya kila kombania inayoshambulia. Walikaa barabarani, madarajani na vivukoni, mahali ambapo mtu anayeondoka vitani lazima apite. Wanamsimamisha, wanakagua karatasi zake, wanamuuliza kikosi chake kiko wapi na kwa nini hayuko nacho.

Ripoti ya NKVD, idara ya usalama iliyovisimamia vikosi hivyo, inatoa idadi za kuanzia tarehe 1 Agosti hadi 15 Oktoba 1942, yaani kipindi kilekile ambacho filamu inadai kukionyesha. Waliokamatwa katika Fronti zote za Kisovieti walikuwa 140,755. Kati yao 3,980 waliwekwa chini ya ulinzi, 1,189 walipigwa risasi, 2,776 walipelekwa kombania za adhabu, 185 batalioni za adhabu, na 131,094 walirudishwa katika vikosi vyao au vituo vya kupangiwa vikosi. Kwenye Fronti ya Stalingrad peke yake: waliokamatwa 15,649, waliopigwa risasi 278, waliorudishwa 14,833. Kwenye Fronti ya Don, jirani yake kaskazini: 36,109 walikamatwa, 433 wakauawa, 32,933 wakarudishwa.

Watu 278 ni watu 278, kila mmoja na mama yake. Na hao ni wa vikosi vya kuzuia tu. Mahakama za kijeshi zilikuwa na hukumu zake. Mwaka uliotangulia ulikuwa mbaya zaidi: kufikia tarehe 10 Oktoba 1941 vyombo vya NKVD vilikuwa vimewazuia askari 657,364 na kuwaua 10,201, wakiwemo 3,321 waliouawa mbele ya wenzao waliopangwa mstari. Ila zitazame hizo tarakimu mara ya pili. Zaidi ya asilimia 90 ya waliozuiwa walirudi kwenye vikosi vyao wakiwa hai, kwa sababu jeshi lililokuwa linapungukiwa watu kila saa lilimhitaji kila mwenye miguu. Filamu inafyeka katika dakika moja idadi inayokaribia ile ambayo Fronti nzima iliua kwa majuma 11.

Ukitaka kuona ukatili halisi ulivyofanyika, chukua kisa cha tarehe 2 Oktoba 1942 kilichoandikwa katika ripoti za wakati huo. Baadhi ya vikosi vya Divisheni ya 138 vilikuwa vinashambulia, vikapokewa na moto mkali wa mizinga na makombora, vikashikwa na hofu na kukimbia nyuma kupitia katikati ya batalioni ya divisheni nyingine. Makamanda na batalioni ya kuzuia waliwasimamisha. Watu 7 walipigwa risasi mbele ya wenzao, na wengine wote wakarudishwa mstari wa mbele. Ndivyo hofu ilivyotumika: kwa kuchagua wachache, hadharani, ili wengine waone. Kuwamwagia risasi wote kungewamaliza watu waliotakiwa kupigana kesho yake.

Na wale wa kikosi cha kuzuia hawakuwa watu waliokaa salama wakinywa chai. Tarehe 15 na 16 Septemba kikosi cha kuzuia cha Jeshi la 62 kilipigana siku mbili karibu na stesheni ya reli ya Stalingrad dhidi ya Wajerumani waliokizidi nguvu. Divisheni ya 10 ya NKVD, iliyokuwa na watu karibu 7,500 mwezi Agosti, ilipigana mitaani mpaka ikaondolewa mapema Oktoba ikiwa imebaki watu wachache mno.

Uzembe ambao filamu haikuugusa

Jeshi la Kisovieti kwa kweli liliwapoteza watu kwa uzembe, na watu wengi. Katika vita vyote vya Stalingrad, kuanzia tarehe 17 Julai 1942 hadi 2 Februari 1943, waliokufa, kupotea na kutekwa ni 478,741. Lakini sababu haikuwa ukosefu wa bunduki. Nenda kaskazini mwa mji, kwenye nyika ya Kotluban, mwanzoni mwa Septemba. Stalin alimhimiza Jenerali Georgy Zhukov, naibu wake katika uongozi wa majeshi, ashambulie mara moja kuupunguzia mji shinikizo. Zhukov aliomba siku zaidi, kwa kuwa risasi za mizinga zilikuwa bado njiani na majeshi mawili, la 24 na la 66, yalikuwa bado yanawasili. Akapewa mpaka tarehe 5. Askari waliotoka kwenye mwendo mrefu wa miguu wakaingia vitani moja kwa moja, kwenye uwanda wa wazi, mizinga yao ikiwa na risasi chache, bila kujua sawasawa mizinga ya adui iko wapi, na ndege za Wajerumani zikiwa zimetawala anga mchana kutwa. Walisonga kidogo sana, na vifo vilikuwa vingi.

Tatizo pale halikuwa bunduki. Kilichokosekana ni siku mbili tatu za maandalizi. Hilo ndilo kosa la kumshtaki nalo mkuu wa nchi, na ni kosa zito kuliko la filamu. Bahati mbaya halipigiki picha kirahisi: gari la risasi lililochelewa halina mvuto kwenye skrini.

Waliojifunza

Kinachouma zaidi katika tukio lile ni akili waliyonyimwa watu wale. Ndani ya mji, Jeshi la 62 lilibuni njia ya kupigana ambayo baadaye ilifundishwa katika jeshi zima: vikundi vya shambulio. Kikundi cha kwanza ni watu 6 hadi 8, wanaingia jengoni wakiwa wepesi, na PPSh, mabomu ya mkono, kisu na sepetu fupi iliyonolewa kingo. Cha pili kinawafuata mara tu wa kwanza wakishaingia, kina rashasha nzito, bunduki za kupigia vifaru, sururu na baruti, kazi yake ni kuziba milango ya adui kurudi. Cha tatu ni akiba. Mstari wa mbele ulisogezwa karibu na wa Wajerumani kiasi cha umbali wa kurusha bomu la mkono, ili rubani wa Kijerumani aogope kuwapiga wenzake.

Mafundisho ya Chuikov kwa watu hao yaliingia mpaka kwenye jambo dogo kama fulana ya bomu. Bomu la mkono la RGD-33 lilikuwa na koti la chuma linalovaliwa juu yake ili litoe vipande vingi zaidi. Ukijilinda ndani ya handaki unalivalisha, kwa sababu umejificha. Ukivamia nyumba unalivua, kwa sababu wewe mwenyewe unaingia nyuma yake na vipande vyake vitakukuta mlangoni. Hivyo askari aliambiwa: ingieni wawili, wewe na bomu, wote mmevaa nguo nyepesi, wewe bila mkoba mgongoni, bomu bila koti. Kila kona ya chumba, bomu, kisha mbele. Chumba kingine, bomu tena. Mtu anayefundishwa hivi si wa kusukumwa uwanjani na klipu.

Vasily Zaitsev, shujaa wa filamu, naye amepunguzwa. Kwenye skrini ni kijana mchungaji anayeshuka behewani bila kujua lolote. Zaitsev wa kweli alizaliwa Ural mwaka 1915 na kufundishwa kuwinda utotoni, hilo ni sawa. Lakini mwaka 1942 alikuwa na umri wa miaka 27, baharia wa Meli za Kivita za Pasifiki tangu 1937, na mkuu wa sehemu ya fedha katika kituo chake. Aliomba mwenyewe kupelekwa vitani, akaingia Divisheni ya 284 pamoja na mabaharia wenzake. Kati ya tarehe 10 Novemba na 17 Desemba alihesabiwa kuwaua maadui 225. Kazi yake kubwa pengine ilikuwa kufundisha: alianzisha mtindo wa jozi tatu za wadunguaji kulilinda eneo moja, jozi moja ikizimwa nyingine zinaendelea. Kuhusu Meja König, mdunguaji wa Kijerumani anayepambana naye kwenye filamu, Zaitsev alisimulia pambano na mdunguaji mkubwa wa Kijerumani, lakini watafiti hawajampata meja huyo katika kumbukumbu za jeshi la Ujerumani. Mahali ambapo filamu imesema kweli ni kwenye magazeti ya jeshi: yalimtangaza kweli, na ilikuwa makusudi.

Wanawake pia. Filamu ina mmoja mkuu, na sehemu kubwa ya kazi yake ni mapenzi. Tarehe 23 Agosti 1942 Divisheni ya 16 ya vifaru ya Wajerumani ilipofika ukingo wa kaskazini mwa mji, waliokuwa njiani ni Kikosi cha 1077 cha mizinga ya kutungulia ndege, wengi wao wasichana wadogo. Waliishusha mitutu yao ikalenga ardhini, wakapigana na vifaru mpaka mizinga yao ikazimwa mmoja baada ya mwingine.

Uvumi ulikotoka, na uongo wa upande wa pili

Picha ya Wasovieti kama kundi la ng'ombe linalosukumwa machinjioni ilikuzwa na walioshindwa. Baada ya 1945 jeshi la Marekani liliwaandikisha maofisa wa Kijerumani waeleze vita vya mashariki, na aliyesimamia kazi hiyo upande wao ni Franz Halder, mnadhimu mkuu wa zamani wa jeshi la ardhini aliyefukuzwa na Hitler mwezi Septemba 1942. Walikuwa na sababu nzuri ya kusema hawakushindwa kwa akili bali kwa wingi wa watu. Nyaraka za Wasovieti zilikuwa zimefungwa, basi neno lao likabaki. Filamu ikalipa sura, na miaka miwili baadaye mchezo wa kompyuta wa Call of Duty ukampa mchezaji klipu mkononi akiwa bila bunduki, akashuka kivukoni kama kwenye filamu.

Warusi wenyewe nao wametia chumvi kwa namna zao. Tamthilia yao ya televisheni ya mwaka 2004, Shtrafbat, inaonyesha batalioni ya adhabu ikiwa imechanganya wahalifu, wafungwa na maofisa, ikiongozwa na mwadhibiwa mwenzao. Batalioni za adhabu zilikuwa za maofisa peke yao, makamanda wake walikuwa maofisa wa kawaida wasio na hatia, na muda wa mtu kukaa humo haukuzidi miezi mitatu. Akijeruhiwa, adhabu ilihesabiwa imekwisha. Wahalifu walikwenda kwenye kombania. Waliopita katika vikosi vyote vya adhabu hadi mwisho wa vita ni 427,910, kati ya zaidi ya milioni 34 waliovaa sare.

Halafu kuna Dubosekovo. Kwa miongo mingi kila mtoto wa shule alifundishwa kwamba tarehe 16 Novemba 1941 askari 28 wa Divisheni ya 316 ya Jenerali Panfilov, iliyoundwa Alma-Ata, mji wa Kazakhstan, walivizuia vifaru vya Wajerumani karibu na Moscow wakafa wote. Mwaka 1948 waendesha mashtaka wa kijeshi walichunguza wakakuta hadithi hiyo imetungwa gazetini, na kwamba baadhi ya wale 28 walikuwa hai. Mmoja wao, Ivan Dobrobabin, aliwahi kuwa polisi wa Wajerumani. Ripoti ikafungiwa. Mwaka 2015 mkuu wa Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Urusi, Sergei Mironenko, aliiweka hadharani, na mwaka uliofuata filamu ya wale 28 ikatoka vilevile, hadithi ikiwa haijabadilika.

Ndani ya ripoti ileile kuna ushahidi wa Kanali Ilya Kaprov, kamanda wa kikosi cha 1075 ambacho hao 28 walisemekana kuwa wake. Alisema vita vya watu 28 ni uzushi. Akasema pia kwamba siku hiyo, mahali hapo, kombania yake ya 4 ilipigana na vifaru kweli, kwa ushujaa, na waliokufa katika kombania hiyo walikuwa zaidi ya 100.